Ajira haitafutwi na mtu mmoja

Mwezi Julai kata yetu ya Ngulyati, mkoani Simiyu, huwa na watu wengi kuliko kawaida. Pamba nyingi imekwisha kuchumwa, kwenye mizani za vyama vya msingi vya ushirika kuna foleni, fedha inaonekana mikononi mwa watu, na harusi zilizokuwa zikisubiri mavuno zinapangiwa tarehe. Ni mwezi huohuo vijana wa mwaka wa mwisho wanaporejea kutoka vyuo vya Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Morogoro wakiwa wamemaliza mitihani. Bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, limekatika na cheti bado hakijatoka. Tangu asubuhi ya kwanza wanaonekana na simu mkononi, na jirani akiulizwa kijana wa mzee fulani anafanya nini siku hizi, hujibu: yupo tu nyumbani.

Nalipinga jibu hilo. Kijana huyo anafanya kazi tangu Jumatatu hadi Jumapili. Kosa letu ni kwamba kazi yenyewe tumemwachia peke yake, katika nchi ya Wasukuma ambako kazi kubwa haikuwahi kuachiwa mtu mmoja.

Tuipitie wiki yake. Jumatatu ni siku ya matangazo. Anafungua Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kisha anapitia makundi ya WhatsApp ambako wenzake wa chuo wanarushiana nafasi za benki, mashirika na kampuni. Kila tangazo linataka kusomwa hadi mstari wa mwisho: kada, sifa, uzoefu, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kila nafasi inataka barua yake, iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi hiyo na kusainiwa kwa mkono. Wasifu unataka wadhamini watatu ambao simu zao zinapokelewa, na mhadhiri anayeombwa udhamini huo anaombwa na darasa zima.

Jumanne ni safari ya Bariadi mjini. Steshenari ndiyo ofisi yake ya siku hiyo: kuprinti barua, kuisaini, kuiskani, kupunguza ukubwa wa faili kwa sababu mfumo umelikataa. Kutoka hapo anatafuta wakili wa kuthibitisha nakala za vyeti kwa saini na mhuri. Nauli, kopi, mhuri na bando vyote vinatoka mfukoni mwa mtu asiye na kipato, au mfukoni mwa mama yake aliyeuza kuku.

Akifika kwenye majina, wiki inaweza kusimama kabisa. Huku kwetu mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu aliyemlea, cheti cha kuzaliwa kikatafutwa miaka mingi baadaye kwa jina la baba, na karani wa kitambulisho cha Taifa akaandika kwa tahajia ya tatu. Ng'wandu wa shule ya msingi ni Mwandu wa kidato cha nne na Ngwandu wa NIDA. Baba, mama na kijiji kizima wanamjua kuwa ni mtu mmoja, lakini mfumo unaona watu watatu. Kulinyoosha hilo kunahitaji kiapo, hati na safari nyingine ya mjini, na tangazo aliloliona Jumatatu halimsubiri.

Jumatano kuna msiba. Kijana wa Ngulyati hawezi kukosa msibani. Atachimba kaburi, atabeba viti, atafunga turubai. Kwa kuwa ni msomi, ataombwa pia aandike wasifu wa marehemu na kuusoma mbele ya waombolezaji. Alhamisi kampuni moja imemtumia jaribio la kufanya kwa simu ndani ya muda maalumu, naye anazunguka kutafuta mahali ambapo mtandao unakaa. Kabla hajakaa sawa, mama mdogo anamletea simu iliyogoma kupokea fedha, na wazee wa chama cha msingi wanataka barua ya malalamiko iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka ofisini. Ijumaa jioni ni kikao cha harusi, na katibu wa kamati ni yeye. Jumamosi ni harusi yenyewe, na mchana kama kuna mechi ya Simba au Yanga kibanda umiza kinajaa. Jumapili ni ibada, na baada ya ibada linakuja swali ambalo amelikwepa wiki nzima: vipi, umeshapata?

Hiyo ndiyo wiki ya anayesemwa kuwa yupo tu nyumbani. Kijiji kimemtumia kuwa mwandishi, katibu, fundi wa simu na mchimba kaburi, bila malipo, na ndivyo inavyopaswa kuwa miongoni mwa ndugu. Lakini kazi yake mwenyewe, ile ya barua na vyeti na usaili, hakuna aliyemshika mkono.

Wapo wazee wenye hoja nzito dhidi yangu, nami nawaheshimu. Wanasema kijana mwenye nia ya kazi angeacha kwanza harusi, vikao na mechi, akatulia na maombi yake hadi yajibiwe. Wengine wanasema kinyume: angeacha simu, akashika jembe, kwa kuwa choroko na pamba hazihitaji usaili. Pande zote mbili zinamtaka achague kati ya watu na kazi. Mimi nasema uchaguzi huo ndio unaowaumiza vijana wetu, na historia yetu wenyewe haikuujua.

Tuanze na jinsi ajira ilivyokuwa. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Taifa lilikuwa likiwahesabu wasomi wake kwa vidole, na kwa miaka mingi aliyehitimu alipangiwa kazi na serikali iliyomsomesha. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi wa wakati huo na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula cha wengine. Mfano ule ulikuwa onyo kwa msomi asijisahau. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi: kijana alitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na watu aliofanya nao kazi walikuwa na sauti katika kumpendekeza. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na uliachwa, lakini ulikuwa na jambo moja ambalo leo limepotea: kulikuwa na watu waliomfahamu kijana na waliotakiwa kusimama na kusema, huyu tunamjua.

Leo mwombaji anafahamika kwa namba. Sekretarieti ya Ajira ilitokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, na lengo lake lilikuwa jema: mtoto wa Ngulyati ashindanishwe na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam, kwa karatasi ileile, bila kuulizwa baba yake ni nani. Sitaki turudi nyuma kwenye hilo. Lakini hesabu ya wanaogombania nafasi imekuwa kubwa kupita kiasi. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa Idara ya Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, yakaja maombi zaidi ya 135,000, yaani zaidi ya maombi 80 kwa kila nafasi moja. Mwaka huohuo walimu waliomaliza vyuo tangu 2015 walijitokeza chini ya umoja wao, NETO, kudai ajira walizozisubiri miaka nenda rudi.

Kwa hesabu hizo, kumwambia kijana atulie na maombi yake hadi yajibiwe ni kumwambia atulie kwa miaka. Mtu hawezi kukaa miaka bila harusi, bila msiba, bila mechi, bila marafiki, kisha akabaki mzima.

Hili limechunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria kilichokuwa kikiishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima kilikuwa hakina kazi. Walichokikuta kilikuwa kinyume cha walichotarajia wengi. Watu walikuwa na muda tele, lakini waliazima vitabu vichache kuliko zamani ingawa maktaba haikuwatoza tena. Walisoma magazeti kidogo, vyama vyao vilidhoofika, na wanaume walitembea barabarani polepole, wakisimamasimama, kwa sababu hakukuwa na pa kuwahi. Utafiti ule uliochapishwa 1933 unatufundisha kwamba kukosa kazi humla mtu kwa kumtoa kwenye watu. Mshahara hukatika siku moja. Ukaribu na wengine hukatika taratibu, na kuurudisha ni kazi ngumu zaidi.

Kwa hiyo ninapomwona kijana wa chuo akiwa katibu wa kamati ya harusi Ijumaa usiku, sioni mtu anayepoteza muda. Naona mtu ambaye bado anahesabiwa. Ana pa kuwahi, ana watu wanaomsubiri, ana daftari la michango ambalo lisipowekwa sawa ataulizwa. Hiyo ni dawa ambayo Marienthal waliikosa.

Kuna faida nyingine inayogusa ajira moja kwa moja. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala iliyotokana na kuwahoji wafanyakazi wa Newton, karibu na Boston, kuhusu namna walivyopata kazi zao. Wengi wa waliopata habari ya kazi kupitia watu waliipata kwa watu wanaoonana nao mara mojamoja: aliyefanya naye kazi zamani, rafiki wa rafiki, mtu waliyekutana njiani. Sababu yake ni rahisi. Watu wa nyumbani kwako wanajua unachokijua. Aliye mbali kidogo anajua usichokijua. Sasa jiulize, ni wapi kijana wa Ngulyati hukutana na mtu wa mbali kidogo? Ni kwenye harusi, ambako shemeji anayefanya kazi Kahama amekuja na gari la kukodi. Ni msibani, ambako binamu aliyeajiriwa Geita amefika kumzika shangazi. Ni kwenye ngoma za msimu wa kiangazi. Ukimwondoa kijana huko kwa kisingizio cha maombi, umemwondoa mahali habari za kazi zinapopita.

Nilisema historia yetu haikujua uchaguzi kati ya watu na kazi. Wasukuma wamelima kwa vikundi vya vijana tangu enzi za watemi, wakihama shamba hadi shamba kwa zamu, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Walilima kwa ngoma, na bugobogobo inayochezwa leo kwenye majukwaa na mikutano ya kitaifa ilizaliwa kwenye jembe. Mavuno yakiisha, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilikutana kushindana kwa ngoma na dawa zao, na uwanja ukafurika watu kutoka vijiji vya mbali. Kulima na kucheza vilifanywa na watu walewale. Aliyelima peke yake alikuwa mtu wa kuhurumiwa, kwa kuwa ilimaanisha hana wenzake.

Hata pamba, iliyotuletea fedha, ilitufundisha somo hilohilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamikia mizani za wanunuzi. Mkulima mmojammoja aliyepunjwa alirudi nyumbani kimya, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Paul Bomani na wenzake walizunguka vijijini, vyama vya msingi vikaundwa, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, VFCU, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Mkulima akaanza kupima pamba kwenye mizani ya chama chake mwenyewe.

Mwombaji wa ajira leo yuko pale alipokuwa mkulima wa pamba kabla ya ushirika. Yuko peke yake mbele ya mzani asioushika. Maombi yakikataliwa hajui kosa liko wapi: barua, sifa, jina, au wingi wa watu tu. Tapeli akimpigia akidai fedha ya kupitisha jina lake, hana wa kumuuliza kwa haraka, na aibu inamzuia kumuuliza baba. Ndiyo maana matapeli wa ajira wanashamiri. Wanawinda mtu aliyejitenga, mwenye haja, ambaye hataki wengine wajue kwamba bado hajapata. Kijana mwenye wenzake watano wanaoomba kazi pamoja angewaambia usiku uleule, na mmoja wao angemkumbusha kwamba kuomba kazi serikalini hakulipiwi.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mabinti, kwa kuwa wiki yao ni nzito kuliko niliyoieleza. Binti aliyerudi kutoka chuo anaamka kabla ya wote. Atachota maji, atapika, atafua, atamlea mdogo wake, na anapokaa na simu baada ya hapo ataambiwa chuo kimemharibu. Harusini hayupo kwenye meza ya kamati; yupo jikoni na sufuria. Na kila mwezi unaopita bila barua ya kuitwa kazini, mazungumzo ya mahari yanasogea karibu, kwa kuwa kwetu ng'ombe wanahesabika na ajira haihesabiki. Mzazi anayemsukuma binti yake aolewe kwa sababu kazi imechelewa anatupa shamba alilolilima miaka kumi na sita. Namwomba kila baba wa Ngulyati ampe bintiye saa mbili za mchana zisizoguswa na mtu, kila siku, kama anavyompa kijana wake wa kiume bila hata kufikiri.

Upo pia uchungu upande wa michango. Kijana asiye na kipato anaandikiwa kadi ya harusi kwa kiwango cha mwenye mshahara, kwa sababu ni msomi. Anakopa ili asiaibike, au anaacha kwenda. Wengi huacha. Wanaanza kukwepa harusi, kisha vikao, kisha ibada, na ndipo wanapoanza kutembea kama wale watu wa Marienthal. Kamati za harusi zinaweza kulimaliza hili kwa uamuzi wa kikao kimoja: mwanafunzi na mhitimu asiye na kazi mchango wake ni nguvu zake. Atapanga viti, ataandika daftari, atapiga picha. Aheshimiwe kwa hilo kama aliyetoa laki.

Kamati ya harusi ndiyo inayonipa hoja yangu kubwa. Kijana akitaka kuoa, watu thelathini wanakutana kila wiki. Kuna mwenyekiti, katibu na mhazini. Kuna kundi la WhatsApp, kuna ahadi, kuna kukumbushana, na mwishoni fedha inayopatikana ni nyingi kuliko ambayo familia ingeiona kwa misimu miwili ya pamba. Kijana huyohuyo akiitwa kwenye usaili Dodoma, tangazo linamkumbusha kwamba atajigharamia chakula, usafiri na malazi, naye anaanza kumzungukia mjomba kimyakimya kuomba nauli. Hakuna kamati, hakuna mhazini, hakuna hata mtu wa kumwuliza kama ana shati safi. Tunachangia mlo wa siku moja kwa moyo mmoja, tunashindwa kuchangia safari ambayo ikifanikiwa italisha ukoo miaka thelathini. Sisemi tuache kuchangia harusi. Nasema mfumo tunao, tumeujaribu, unafanya kazi. Tuutumie pia kwa usaili.

Na mkoa wetu una mfano wake wa karibu zaidi. Simiyu iliundwa 2012 kutoka sehemu za Shinyanga na Mwanza, ikaanza na shule zenye matokeo dhaifu. Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa, kati ya 2016 na 2021, zilianzishwa kambi za kitaaluma. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja, walimu wazuri wa kila somo wakawafundisha wote, wazazi wakachangia chakula, na matokeo ya mkoa yakapanda. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba mtihani ni wa mtu binafsi kwa hiyo kila mtoto ajitafutie. Mtihani kila mmoja aliufanya peke yake, maandalizi yakawa ya wote.

Napendekeza tufanye hivyohivyo kwa wahitimu. Kambi ya ajira katika kata, siku chache tu, kwenye shule ya sekondari yenye kompyuta na umeme, wakati wanafunzi wako likizo. Halmashauri imlete wakili athibitishe vyeti vya wote kwa siku moja. Waje ofisa wa NIDA na wa vizazi na vifo washughulikie majina yaliyopishana, ili Ng'wandu, Mwandu na Ngwandu warudi kuwa mtu mmoja. Waje watumishi wa Ngulyati walioajiriwa miaka ya karibuni, wasome barua za wadogo zao na kuwaambia ukweli kuhusu usaili wa maandishi na wa mdomo. Vijana wakimaliza kambi wabaki vikundi vya watu watanowatano vya kutumiana matangazo na kuulizana kila Jumatatu. Na wale wanaotaka kuanza na biashara ya choroko au uwakala wa fedha, vikundi hivyo vitawasaidia pia, kwa kuwa asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kisheria kwa mikopo ya vijana hukopeshwa kupitia vikundi.

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba ninachokitaka ni koneksheni kwa jina zuri. Hapana. Koneksheni ni kumpa mtu nafasi ambayo mwingine alistahili zaidi, na hufanyika gizani. Ninachokisema hufanyika mchana, mbele ya kata nzima: kumwambia mtu nafasi ipo, kumsomea barua, kumthibitishia cheti, kumpa nauli ya kwenda kushindana. Akifika kwenye chumba cha usaili atashindana peke yake, na akishindwa atarudi nyumbani kwa watu wanaojua alikwenda wapi na kwa nini.

Serikali nayo ina sehemu yake. Usaili wa walimu ulioanza Januari 2025 ulifanyika mikoani, na familia nyingi ziliepuka gharama ya Dodoma. Usaili wote wa maandishi ufuate njia hiyo. Matangazo hukataa hati za matokeo ya muda na kutaka cheti chenyewe, na hivyo aliyemaliza Julai hukaa miezi akisubiri mahafali huku nafasi zikipita. Chuo cha umma na Sekretarieti ni vyombo vya serikali ileile. Taarifa za mhitimu zinaweza kutembea baina yao bila kumsubiri mpiga mhuri. Na serikali inayokata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika wa mkopo ili kurejesha fedha ya Bodi ya Mikopo ina kila sababu ya kutaka mnufaika huyo aupate mshahara huo mapema.

Lakini sitaki tuingojee serikali kwa mambo tunayoyaweza. Mahafali ya vyuo vingi hufanyika Novemba na Desemba. Tukianza mazungumzo sasa, kambi ya kwanza inaweza kufanyika kabla shule hazijafunguliwa Januari, na gharama yake haifiki ya harusi moja ya wastani. Wakuu wa shule wana madarasa. Makanisa na misikiti yana watu na sauti. Watumishi wetu walioko mijini wana simu na vyeo, na wengi wao wanakumbuka vizuri jinsi walivyoteseka wenyewe kabla ya kupata.

Kamati ya harusi itakayokutana Ngulyati Ijumaa hii iongeze ajenda moja mwishoni mwa kikao. Mwenyekiti aulize, kwa sauti, nani katika sisi ameitwa kwenye usaili na amepungukiwa nini, na mhazini afungue ukurasa mpya wa daftari.